Shangazi Kemia na Dawa ya Shaba

Tuseme ukweli mapema tusije tukalaumiana: Shangazi Kemia hakuwahi kusoma kemia. Shule aliishia darasa la saba, na kazi yake ya miaka kumi na tisa katika maabara ya chuo ilikuwa kuosha vyombo. Chupa, mitungi, vikombe vya kupimia, mirija myembamba ya kioo inayovunjika hata ukiitazama vibaya. Kazini walimwita Mama Chupa. Jina la Shangazi Kemia alipewa nyumbani na watoto wa kaka yake, naye hakulikataa. Angelikataaje? Wewe ungelikataa?

Lakini msidhani kuosha vyombo vya maabara ni sawa na kuosha masufuria. Thubutu! Chombo kinasuguliwa kwa sabuni, kinasuuzwa, kinalazwa kwenye asidi iliyopunguzwa makali, kisha kinasuuzwa tena mara tatu kwa maji safi yaliyochujwa na mashine. Mara tatu, si mbili na nusu. Maji ya kwanza hayaendi kwenye sinki, yanaingia kwenye dumu lenye kibandiko, kwa sababu yana sumu. Siku moja mwanafunzi mmoja alimwaga maji hayo kwenye sinki huku akipiga mluzi. Shangazi alimpa za uso mpaka mluzi ukamkauka mdomoni, na hadi anamaliza chuo alikuwa akimwamkia kwa mikono miwili.

Katika chumba cha mwisho wa ukumbi alifanya kazi daktari mmoja kijana. Hakuwa daktari wa kudunga watu sindano, alikuwa wa vitabu, mwembamba, kola ya shati kubwa kuliko shingo. Mtu huyu alikuwa na ugonjwa wake wa kusema: hakuweza kumaliza sentensi bila kutia neno "huenda". Ukimuuliza kama nje kunanyesha, na maji yanamtiririka kichwani, atakwambia huenda. Shangazi akambandika jina la Daktari Huenda, akalitunza moyoni kwa heshima ya kazi.

Vyombo vya Daktari Huenda vilikuja kwenye sinki na ukoko wa buluu, buluu nzuri ya kutamanisha, lakini ukoko mkaidi. Shangazi akachoka kuusugua bila kuujua. Asubuhi moja akabisha mlango, chupa mkononi.

"Daktari, hiki kitu cha buluu ni nini hasa? Nakisugua mwezi wa tatu huu, hatujajuana."

Kijana akafurahi. Hakuna aliyewahi kumuuliza. Akamkalisha, akachukua vijiti vya meno na vipande vya sabuni, akaviunga kama mafundi wanavyounga jukwaa la kujengea ghorofa. Kwenye kila kiungo, alisema, kuna shaba, shaba hii hii ya nyaya za umeme. Vile vijiti ni kemikali nyingine inayozishika zile shaba zikae mbali mbali. Katikati kuna vyumba vitupu, vidogo mno, na humo unaweza kupakia dawa nyingine. Kiunzi hiki kikiingia ndani ya seli ya kansa, huenda kikabomoka, kikaachia shaba, na shaba ikazidi kiasi mpaka seli ikaungua kwa ndani na kufa. Huenda.

"Kwa hiyo ni dawa ya kansa."

"Huenda siku moja ikawa, Mama. Kwa sasa tumeijaribu kwenye sahani tu. Seli zilizopandwa kwenye sahani ya plastiki. Hata panya bado."

Shangazi alisikia yote. Sikio lake halikuwa na kasoro. Kasoro ilikuwa kwenye kile alichokibeba kwenda nacho nyumbani.

Jumapili iliyofuata familia ilikuwa mezani kwa kaka yake. Kaka huyu alikuwa fundi wa mafriji, mtaa mzima ukimwita Fundi Friji, mtu wa mabega na kelele ambaye aliweza kutia mkono nyuma ya friji lolote akakwambia umri wake. Siku hiyo mdogo wa kike wa wifi, mke wa kaka, alikuwepo, yule anayefanya kazi uwanja wa ndege. Mwenzangu, tangu supu mpaka matunda ilikuwa ndege. Ndege imetua, ndege imepaa, rubani kamwambia hivi. Shangazi alivumilia, akavumilia, akakilaza kijiko.

"Sisi kule kazini," akasema, kama mtu anayeomba chumvi, "tunatengeneza dawa ya kansa. Ya shaba."

Ndege zote zikatua. Watoto wakamkodolea macho, wifi akaacha kugawa, na Fundi Friji akaweka mkono begani kwa dada yake, mkono mzito kama kompresa ya friji, akasema, "Mdogo wangu huyu! Shaba! Si niliwaambia siku zote kwamba shaba ni madini ya maana?"

Je, Shangazi alidanganya? Hakudanganya. Vyombo visipooshwa hakuna utafiti, hilo hata profesa analikubali. Lakini alilala usiku huo kichwa kikiwa kimevimba kidogo, na hakuona sababu ya kukirudisha mahali pake.

Miezi minne baadaye Fundi Friji akaota uvimbe shingoni. Akasema ni jipu. Akasema ni kulala vibaya. Akasema ni kola. Wifi akamkokota hospitali kwa nguvu, wakamkata kinyama kidogo, wakakipima, na jibu likaja: kansa ya tezi. Ila daktari wa hospitali, mama mmoja asiyepoteza maneno, aliwaambia hii ni ya zile zinazosikia dawa. Ikianza kutibiwa sasa hivi, kwa dripu, mara sita, nafasi ya kupona ni kubwa. Ikiachwa, haitasubiri mtu. Wakapangiwa Jumatatu.

Jumatatu Fundi hakwenda, alisema ana friji la bucha linakufa. Jumatatu ya pili akasema mguu unauma. Jumatatu ya tatu ikabaki siku tano, na daktari akapiga simu kumwambia wifi kwamba nafasi hiyo akiikosa, hajui mara nyingine atamkuta katika hali gani.

Wifi akaenda kwa Shangazi, macho mekundu. Hakukaa hata kitini.

"Wifi, mwambie kaka yako aende. Hanisikii. Anasema hawezi kujazwa sumu za dripu wakati mdogo wake anatengeneza dawa ya shaba. Anasema anakusubiri wewe."

"Ananisubiri mimi?"

"Wewe. Kila mgeni anayekuja kumpa pole, yeye anamwambia, 'Mimi sina wasiwasi, dawa yangu inapikwa na damu yangu.' Wifi, iko tayari lini?"

Jamani. Kuna maswali yanayomfanya mtu atamani ardhi ipasuke. Shangazi akajikuta anasema, "Nitaongea naye." Wifi alipoondoka, alikaa kitandani na viatu vyake. Aliona vizuri kabisa alichokifanya. Kaka yake angeweza kufa kwa sababu ya Jumapili ile, kwa sababu ya mwanamke mmoja na ndege zake.

Kesho yake, kabla ya kwenda kazini, akapitia kwa kaka. Alimkuta kibarazani, kifua mbele, amekaa wima isivyo kawaida yake. Akamkumbatia. Kaka akalia ngwa!

"Nini hicho?"

Fundi Friji akatazama huku na huku, kisha akainua shati kwa fahari. Paipu ya shaba, ile nyembamba ya mafriji, ilikuwa imemzunguka tumbo na kifua mizunguko kumi na mmoja, imekunjwa kwa ustadi, ncha zimefungwa kwa kuchomelewa.

"Sijakaa bure," akasema. "Nasubiri yako, lakini naandaa mwili. Uizoee. Na asubuhi nakunywa."

"Unakunywa nini?"

Akaleta birika alilolitengeneza mwenyewe kwa bomba kubwa la shaba. Ndani maji yamelala na vipande vya ndimu, yamegeuka rangi ya kijani kibuluu. Shangazi akaijua ile buluu. Miezi mingapi ameisugua! Ndimu ni asidi, asidi inakula shaba, na shaba iliyoyeyuka ndiyo ile ya dumu lenye kibandiko.

"Umeshakunywa?"

"Vikombe viwili. Yanakata kweli kweli, mdogo wangu, tumbo linaona kazi..."

Hakumaliza. Macho yakamtoka pima, akainama pembeni ya kibaraza, na vikombe viwili vikarudi vilikotoka, na chai ya asubuhi ikavisindikiza. Paipu ilikuwa ikilia kila alipokukurika, ngwa, ngwa, ngwa. Wifi akatoka mbio. Wakampakia kwenye teksi wakampeleka zahanati ya karibu. Pale nesi alimpa maji ya kutosha, akamlaza mpaka adhuhuri, akatumia koleo la mgonjwa mwenyewe, alilokuwa nalo mfukoni, kukata ile mizunguko kumi na mmoja. Akawaambia ana bahati, tumbo limeyakataa mapema, ila figo na ini havichezewi namna hiyo. Kisha akatoka nje haraka, na wote watatu wakamsikia akiangua kicheko nyuma ya mlango.

Shangazi hakucheka. Alikata shauri palepale. Ijumaa ataenda na kaka yake maabara, amwone Daktari Huenda kwa macho yake, na mbele ya wote wawili aseme ukweli. Aibu iwe iwavyo.

Ijumaa hiyo Fundi Friji alifika chuoni amevaa suti, na mkoba wa vifaa begani.

"Vifaa vya nini, Kaka?"

"Fundi haendi mahali mikono mitupu."

Wakampa koti jeupe, halikufunga. Wakampa miwani ya kinga, ikambana masikio yakasimama. Akaingia ukumbini akigeuza kichwa taratibu kama mkaguzi wa serikali. Kabla hajamsalimia mtu akasimama mbele ya friji la kuhifadhia kemikali, akatega sikio.

"Hili linalia. Feni ya nyuma. Miezi miwili limebakiza."

"Kaka, twende."

Daktari Huenda aliwapokea vizuri. Alikuwa ameambiwa tu kwamba kaka yake Mama Chupa ni mgonjwa, ameshakunywa maji ya shaba, na ana maswali. Akatoa kichupa chenye unga wa buluu, kidogo tu, kiasi cha kujaza kijiko cha chai. Fundi akakishika kwa vidole viwili na kukiinua kwenye mwanga. Mabega yake makubwa yakashuka kidogo.

"Ndiyo hii?"

"Ndiyo hii, Mzee."

Hapo Shangazi akaona asiposema sasa, hatasema tena. Akapiga moyo konde.

"Kaka, kabla hujauliza kitu. Mimi sitengenezi dawa. Mimi ninaosha vyombo. Hiyo 'sisi' niliyosema mezani, mimi humo ni wa sinki. Nilitaka kuonekana mtu mbele ya yule wa ndege. Nisamehe."

Daktari Huenda akawa anazitazama kucha zake. Fundi hakugeuka. Aliendelea kukitazama kile kichupa, na alipofungua mdomo alimwambia kijana, si dada yake.

"Nieleze inavyofanya kazi. Kifundi. Usinifiche."

Kijana akaeleza, tena kwa vijiti vya meno. Viungo vya shaba, vijiti vya kushikilia, vyumba vitupu vya kupakia. Fundi alikuwa akiitikia kwa kichwa. Viungo anavijua. Chumba kitupu kinachobeba kitu na kukisafirisha anakijua, friji lote ndiyo hilo. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali ambalo katika miaka yake yote ya kazi hajawahi kuacha kuliuliza.

"Mmepima kuvuja?"

"Samahani?"

"Mimi nikiunga paipu, siweki gesi kwanza. Najaza presha, napaka povu la sabuni kwenye kila kiungo, nakaa, natazama. Povu likitoa kipovu kimoja tu, kazi haijaisha. Siweki gesi ya mteja kwenye mfumo unaovuja, hata mteja akilia machozi. Sasa hiki kiunzi chenu kinapita kwenye damu kabla ya kufika kwenye kansa. Huko njiani, kinashika?"

Daktari Huenda akavua miwani. Akaifuta. Shangazi akasubiri lile neno, akalisikia kabisa likija. Halikuja.

"Kinavuja," kijana akasema. "Kinavuja, Mzee. Kikikaa kwenye maji kinaanza kubomoka mapema, shaba inatoka kabla ya wakati, inaua na seli nzima zisizo na kosa. Hiki ulichoshika hakifai kuingia mwilini mwa mtu. Tunatafuta namna ya kukifunika kishike. Itachukua miaka, na inaweza isifanikiwe."

"Miaka mingapi?"

"Mingi kuliko uliyonayo ukiacha hospitali." Akaivaa tena miwani. "Usiinywe shaba, nakuomba. Nenda kwenye dripu. Zile dripu zimeshapimwa kuvuja, kwa watu wengi sana, miaka mingi sana. Zina matatizo yake, nywele zitatoka, utatapika. Lakini zimepimwa."

Fundi Friji akakirudisha kichupa mezani polepole, akakisogeza mbali na ukingo.

"Wewe ni fundi mwaminifu," akasema. "Fundi mwingine angeniuzia."

Kisha akafungua mkoba wake, akatoa bisibisi, na kabla mtu hajasema kitu alikuwa ameshapiga magoti nyuma ya friji la kemikali. Akalihangaikia nusu saa nzima, suti na yote. Hakuna aliyemzuia. Shangazi alielewa kwamba kaka yake alikuwa anatafuta mahali pa kuficha uso, na nyuma ya friji ndipo alipopazoea. Feni ilipoacha kulia, akainuka, akafuta magoti, akasema, "Jumatatu saa ngapi?"

Jumatatu saa mbili asubuhi walikuwa hospitali, kwenye chumba kirefu chenye viti vya kulalia na vyuma vya kuning'inizia dripu. Wifi akaenda dirishani kuandikisha karatasi. Fundi akaketi, mkono umenyooshwa, akaanza kukagua mrija wa dripu kuanzia juu mpaka chini, kiungo kwa kiungo, akiminya kila mahali kwa kidole gumba. Nesi akamwambia aache. Akaacha. Shangazi akainama karibu naye.

"Kaka, umenisamehe?"

"Nini?"

"Ile ya kuosha vyombo. Nilikudanganya, nikakuchelewesha wiki mbili. Ungekufa mikononi mwangu."

Fundi Friji akamtazama kwa mshangao wa kweli.

"Mdogo wangu, wewe unadhani sikujua? Miaka kumi na tisa unarudi kutoka kazini viatu vimelowa. Mtaalamu gani wa kemia analowa viatu? Wewe ulipoajiriwa, nani alikupa yale mabuti ya mpira?"

Kweli. Alimpa yeye.

"Sasa kwa nini..."

"Naogopa." Akalisema taratibu, kama mtu anayelitoa neno ambalo halijawahi kupita mdomoni mwake. "Naogopa, bwana. Tangu siku ile walipotamka kansa sijalala. Sindano naiogopa, dripu naiogopa, kuja hapa na kutorudi ndiyo naiogopa zaidi. Sasa mtu kama mimi, na mwili huu, nitamwambia nani? Nikisema naogopa, mtaa mzima utacheka. Lakini nikisema namsubiri mdogo wangu anipikie dawa ya shaba, kila mtu ananiheshimu na kunyamaza. Na ile paipu na ndimu, mwisho nilianza kuamini mwenyewe. Ulinipa mahali pa kujificha. Nikajificha mpaka yule kijana akaniambia inavuja. Hapo sikuwa na pengine pa kwenda."

Shangazi alimshika mkono ule mwingine, ule usiosubiri sindano, akaung'ang'ania.

Nesi akaja, akapaka spiriti, akatafuta mshipa, akaupata. Sindano ikaingia. Fundi Friji, mwenye mabega na kelele, akafumba macho na machozi yakamtoka kimya kimya, yakashuka mpaka kwenye uvimbe wa shingo. Tone la kwanza la dawa likaanguka kwenye kikombe kidogo cha plastiki cha mrija, kisha la pili.

"Mdogo wangu," akanong'ona bila kufumbua macho, "usimwambie mke wangu kuwa nimelia."

"Sitamwambia, Kaka."

"Nimeshaona," wifi akasema nyuma yao, akavuta kiti akakaa upande wa pili.